Siku Niliyopuliza Upepo Mtupu

Enyi wenzangu mliokwenda shule mkiwa mmepakwa mafuta mpaka nyuma ya masikio, mpo? Enzi zetu mtoto hakutoka nyumbani bila kung'aa. Mafuta yale ya mgando, mazito, vumbi lote la kwetu Navakholo liliyapenda. Watoto wa leo na losheni zao zinazokauka kabla hawajafunga kopo hawajui tulichopitia.

Mimi mafuta hayo yaliniaibisha mbele ya wazazi wote.

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa na filimbi ya chuma, yake mwenyewe, ya vipande vitatu, ile inayopulizwa ikiwa imelazwa kando ya mdomo. Alinifundisha kuiunga: shika penye chuma tupu, vitufe usiviguse, zungusha taratibu, usisukume. Kisha kuishika. "Kidevu, shina la kidole cha shahada cha kushoto, gumba la kulia. Hapo patatu tu ndipo inapolala. Mabega chini! Lete filimbi mdomoni, usiifuate na shingo kama kuku anayekunywa maji." Nilijua wimbo mzima. Nilitaka kitu kimoja tu, mama anisikie.

Siku ya wazazi ikafika. Mama aliacha palizi ya miwa akaja na kitambaa chake cha kanisani, na kopo la mafuta ndani ya leso. Akanivuta nyuma ya darasa. "Watu wanaangalianga! Unataka waseme sikutunzi?" Akanipaka uso, kidevu, mikono, vidole vyote. Ningekataa vipi? Enzi zile ulimkatalia mama yako wewe?

Nikasimama mbele. Nikaiweka filimbi kidevuni, ikateleza. Nikairudisha, ikajizungusha, tundu la kupulizia likatazama juu. Gumba nalo likateleza. Nikaikaza kwa nguvu zote, mabega yakapanda masikioni, nikapuliza. Fyuuu. Upepo mtupu. Wavulana wakaangua kicheko. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke! Lakini mama alikuwa mstari wa mbele, basi nikachezesha vidole mpaka mwisho wa wimbo, fyuuu, fyuuu, machozi yananitoka.

Mama akaruka akapiga vigelegele. Maskini, hakuwahi kusikia filimbi ya namna ile, alidhani ndivyo inavyolia. Akaisimulia kijiji kizima, na siku ya soko kila mama alinisimamisha: "Kumbe ni wewe mpiga filimbi?" Nikawa naitikia nikiangalia miguu yangu.

Desemba iliyopita binti yangu alikuja nyumbani na filimbi ya shule. Aliiunga upesi, akaegemeza simu kwenye thermosi ya chai kufuata somo, akakaa wima, mabega yametulia, kidevu kikavu kabisa. Akapiga, na sauti ikatoka safi mpaka majirani wakachungulia. Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu anajaribu," akasema. "Lakini ana kelele. Ya mama yako, mjukuu wangu, ilikuwa inaingianga pole pole, hata huisikii."

Binti yangu akanigeukia. Nikainuka nikaenda kusonga ugali, na maji yenyewe hayakuwa yamechemka.

Mashavu yananichoma hata ninapoandika haya. Watoto wa sasa wanatushinda kwa kupuliza, hilo halina ubishi. Ila wanapopuliza, watu wazima tumeshika simu tunawarekodi, na sijui kama kati yetu yuko anayewasikia vile mama alivyonisikia mimi.