Mezani Pake Hapakuwa na Sahani ya Mgonjwa

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi nikiwa mjini Kakamega, kikombe cha chai mbele yangu, hata sijakionja. Aliyenipigia simu ni jamaa mmoja wa Matungu, mtu asiyejua kutoa pole bila kuichanganya na mzaha. "Yule mzee wako wa mkate bila sukari ametuacha," akasema. Kabla sijashusha pumzi, akaongeza: "Sasa ona. Kujinyimanga kote huko, na bado amekufa. Si heri angekula mandazi yake kama watu?" Nilikata simu, na sikuikata kwa bahati mbaya. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi si mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo nilikasirika mpaka chai ikapoa, na ninapoandika haya hasira yenyewe bado haijaisha. Maneno yale niliyasikia tena matangani, yakinong'onwa huku na huku na watu wenye mandazi mkononi. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba mzee yule hakuacha sukari ili yeye aishi. Aliyekuwa akipiganiwa ni mkewe, na mkewe yu hai.

Alikuwa dereva wa trekta la miwa, na mwenyewe alikuwa na kishamba cha miwa karibu na soko la Mayoni. Mikono yake ilikuwa imezoea usukani, minyororo na grisi. Siku mkewe alipotoka kliniki na karatasi iliyosema ana ugonjwa wa sukari na presha, apunguze utamu na vitu vya kukaanga, mzee hakuuliza mengi. Alikusanya matofali, akakanda udongo, akajenga tanuri nyuma ya jiko, na mlango wake akaukata kutoka kwenye pipa kuukuu. Kisha akaanza kuoka. Fikiria hilo kwetu sisi, ambao mwanamume akionekana ameshika mwiko majirani huuliza kama amelogwa. Mzaha juu yake ulifika mpaka Shianda, na ndiko nilikousikia. Nami, kwa ukweli wote, nilifunga safari kwenda kumcheka, nikitumaini kupata safu ya kuchekesha ya gazeti langu.

Nilimkuta amejifunga leso ya mkewe kiunoni, anapiga mayai. Hakuona haya hata kidogo. Alinionyesha kazi yake hatua kwa hatua: ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, ndizo zilizotia utamu; maziwa lala, yale ya mgando; unga wa wimbi uliochanganywa na wa ngano; mafuta kijiko kimoja tu, ya kupaka sufuria. Tanuri aliliwasha kwa majani makavu ya miwa, akalilisha magunzi ya mahindi, halafu akatupa unga kiasi cha kubana kwa vidole viwili ndani yake. Ukiungua papo hapo, alisubiri. Ukigeuka kahawia polepole, aliingiza mkate. Nilipomuuliza kwa nini hachoki kupiga mayai hayo, aliniinulia bakuli nijaribu. Sikumaliza hata nusu ya kazi. Akacheka: "Hii kitu ni nyepesi kwa tumbo, mwandishi. Kwa mkono ni nzito kushinda kupakia miwa." Mkate ulipotoka tuliula na chai ya maziwa isiyo na sukari, mimi, yeye na mkewe, na ilinibidi nikubali kwamba ulikuwa mtamu. Safu ya kuchekesha sikuiandika.

Lakini sijaja kujisifu, maana siku iliyofuata ya maana kati yetu niliiharibu mimi. Binti yao alikuwa akiposwa, na wakwe walikuja asubuhi kutoka upande wa Shianda kuzungumza habari za mahari. Nilialikwa kama rafiki wa boma. Meza iliandaliwa vizuri: mkate wa ndizi, vibanzi vyembamba vya mkate wa wimbi vilivyookwa mara ya pili mpaka vikakauka, mayai ya kuchemsha, papai, chai. Bakuli la sukari halikuwapo. Msemaji wa wakwe, mzee mmoja mwenye kofia ya kahawia, alionja chai, akakiweka kikombe chini, akasukuma sahani kando. "Ingokho hatujaona," akasema, akimaanisha kuku wa wageni, "na hiyo si neno, bado ni mapema. Lakini hii ni chakula ya wodini. Sisi hatukuja kulazwa." Wenzake wakatazama sakafu. Nami nikaona posa inavunjika mbele ya macho yangu, nikafanya nilichodhani ni cha busara. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia hadi sokoni, nikanunua mandazi ya moto yaliyovujia mafuta gazeti yalimofungwa, gazeti lenye safu yangu, wallahi, nikarudi nayo chini ya koti.

Mzee aliniona. Alinipokonya kifurushi bila kelele, akayapanga mandazi kwenye sahani safi, akayaweka mbele ya wageni, akaketi kando ya mkewe. "Hayo ni ya rafiki yangu," akasema. "Hii ingine ni yangu. Kila mtu ale anachotaka." Wakwe walikula mandazi, mazungumzo yakaenda, binti akaolewa. Nilijiona shujaa. Wageni walipoondoka mzee aliniita kando ya tanuri, na sijasahau alichoniambia. "Unajua kitu umefanya? Wakati wageni wanakulanga ya kwao na mama anakula ya kwake, huyo si mama wa boma tena. Ni mgonjwa tu, ameonewa huruma akapewa kiti. Mimi sikujenga hii tanuri ndio apate chakula yake. Nilijenga ndio tule kitu moja." Kisha akanipa kipande cha mkate nibebe njiani. Nilikila njiani, na kwa aibu yangu sikurudi kwake tena akiwa hai.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika nchi yetu ya miwa mgeni huja mwenyeji akaugua. Tumepima heshima kwa vijiko. Chai isipomnata mgeni midomoni, tunasema tumedharauliwa. Kitu kisipotoka kwenye karai la mafuta, tunasema ni umaskini. Akina mama wetu wenye karatasi za kliniki wanajua hivyo, kwa hiyo wageni wakija wanakula pamoja nao ili wasitie boma aibu, au wanajificha jikoni na kikombe chao. Tunawazika, tunalia, na kwenye mazishi hayo hayo tunakaanga tena. Dereva mmoja wa trekta alisema hapana, akasema mbele ya wakwe, siku ambayo mwanamume wa kwetu huogopa zaidi kusema hapana. Huko sikuiti kujinyima. Ule ulikuwa ubishi, na ubishi huo ninauheshimu kuliko hotuba zote nilizowahi kuandikia habari.

Basi asubuhi ya pili baada ya mazishi nilikuwa pale bomani. Chini ya hema watu walikuwa wakinywa chai, masinia ya mandazi yakizunguka. Wanawake wa ukoo, kwa nia njema kabisa, walimpelekea mjane chumbani uji usio na sukari. Mara tukamwona anatoka, kikombe mkononi, akakiweka katikati ya meza yetu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Kukhu, nyanya yetu," akajibu mmoja wao. "Tuliogopa udhurike."

"Na yenu iko wapi?" Masinia ya mandazi yalikuwa yanaonekana wazi. "Mzee hajamaliza hata siku mbili kwa udongo, na nyinyi mshanipeleka wodini." Akageuka, akanitafuta kwa macho. "Wewe, mwandishi. Siku ile ulijua njia ya kuendea mandazi. Ya tanuri unaijua?"

Niliijua. Nilikwenda na koti langu la mazishi, nikawasha majani ya miwa, moshi ukaniingia machoni, na kwa hilo nilishukuru, maana nilikuwa nalia. Ndizi zilikuwapo, nyeusi, alizoziweka mzee mwenyewe kabla hajaugua. Nilikuwa napiga mayai mkono ukiwaka moto niliposikia mtu akikohoa nyuma yangu. Alikuwa yule msemaji wa wakwe, kofia yake ya kahawia mkononi. Alinitazama kidogo. "Unapiga kama mtu anabembeleza mtoto," akasema. "Leta." Akakunja mikono ya shati, akayapiga mpaka yakajaa povu.

Mkate ulitoka umebonyea katikati na kuungua upande mmoja. Mjane aliukata vipande vidogo vidogo, akaupitisha kwa wote chini ya hema. Sitawadanganya: wengi walimega kidogo wakarudia mandazi, na mmoja alisema wazi kwamba hauna ladha. Mama yule hakumjali. Aliketi katikati ya watu, kwenye kiti chake mwenyewe, akala na akina sisi tuliokula, akamwuliza msemaji habari za wajukuu.

Kwa hiyo wewe uliyenipigia simu ukauliza kujinyima kulimsaidia nini, jibu lako ni hilo: nenda Mayoni ukamwone mkewe ameketi. Mimi nami nimenunua matofali. Tanuri langu limepinda kidogo na mikate yangu bado inabonyea, na ukija kwangu asubuhi hutakuta bakuli la sukari mezani, hata ukiwa mkwe, hata ukiwa askofu. Ukijiona umetukanwa, nyanyuka uende sokoni, njia ninaijua vizuri na nitakuelekeza. Ila usirudi na kitu chini ya koti. Kwangu tunakula kitu kimoja.