Siku Tulipopigania Usalama wa Watoto

Jumanne, tarehe tisa Februari. Mvua ya alfajiri ilikatika mapema, na kufikia saa nne jua lilikuwa kali, mabati ya shule yakawa yanalia kwa kutanuka. Mchana wa siku hiyo mpishi wa shule yetu ya msingi alipigwa ngumi ya mdomo na mdogo wake wa tumbo moja, mbele ya mkutano wa wazazi, na jino la mbele likamtoka. Hakulia. Alilitema kiganjani, akalitazama, akalitia mfukoni mwa aproni, kisha akaendelea kusema pale alipokatizwa.

Watoto wote walimwita Shangazi, nasi wazazi tukafuata. Aliyekuwa na haki ya jina hilo alikuwa mtoto mmoja tu, binti wa yule mdogo wake, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Kijiti. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza Kijiti alipaza sauti kwenye foleni ya chakula, "Shangazi, niongeze!" Kesho yake foleni nzima ilikuwa na shangazi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mikono imejaa alama za moto hadi kwenye viwiko. Mama yao alifariki yeye akiwa msichana na mdogo wake akiwa bado ananing'inia kwenye sketi yake. Alimlea yule mvulana kwa vibarua vya kuosha vyombo, na kwa mwiko. Hilo hakulificha. Alikuwa akisimulia huku anacheka kwamba mdogo wake alivunjiwa miko mitatu mgongoni kabla hajaota ndevu, "na tazameni alivyonyooka!" Kwa macho yetu alinyooka kweli. Alikuwa dereva wa malori ya makontena, jitu la mabega, mdomo mtamu, mkono mwepesi wa kutoa. Tulimwita Kontena. Ukifiwa, wa kwanza kubeba jeneza alikuwa yeye.

Ugonjwa ulipoingia, mipaka ilifungwa, lori likaegeshwa kwa tajiri, na shule zikafungwa. Kontena, aliyezoea kulala nyumbani siku chache kwa mwezi, sasa alikuwa ndani kutwa kucha, chumba na sebule, na mke, na Kijiti, na redio inayohesabu waliokufa. Kwanza aliipiga teke redio. Kisha akampiga mke. Halafu mke akajifunza kukaa kimya na kutoka nje haraka, na aliyebaki ndani alikuwa Kijiti.

Hakuna aliyeingilia. Siku zile kila mtu alijifungia kwake, na kelele za jirani ulizijibu kwa kufunga dirisha.

Shule zilipofunguliwa, Shangazi alijua siku ile ile. Nyuso za watoto zilikuwa nyuma ya barakoa, lakini mpishi wa shule hatazami nyuso, anatazama sahani inavyoshikwa. Kijiti alinyoosha sahani kwa mkono wa kushoto, na maharage yalipomiminwa ikainama, kwa sababu mkono wa kulia haukuja kusaidia.

"Una nini mkono?"

"Nilianguka, Shangazi."

Alimwita nyuma ya jiko, akapandisha sweta. Mfupa ulikuwa umeungana wenyewe, umekwenda upande kama tawi lililovunjika na kuachwa. Mgongoni palikuwa na alama za chuma cha mkanda, nyingine zimekauka, nyingine bado zina majimaji.

Jioni alikuwa mlangoni kwa Kontena.

"Dada, karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nani kamvunja mtoto mkono?"

Wifi yake akasema upesi kwamba mtoto aliteleza bafuni. Kontena akainamisha kichwa, akaanza kulia kwa kwikwi, akaapa kwa kaburi la mama yao. Shangazi alisubiri machozi yaishe.

"Kila siku mchana nitamvua sweta. Nikikuta alama moja mpya, utanitambua."

Hapo machozi yakakatika. "Wewe? Wewe uliyenivunjia miko mgongoni ndiye leo wa kunifundisha?"

"Ndiyo. Njia hiyo nilikuonyesha mimi, kwa hiyo najua inakoishia."

Tangu siku hiyo Kijiti alipita nyuma ya jiko kila mchana kabla ya kupewa chakula, na kwa majuma mengi hapakuwa na alama mpya. Kontena hakumwogopa askari wala mwalimu, ila macho ya dada yake aliyaogopa. Shangazi alikwenda pia kwa mwalimu mkuu. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya ukoo, yamalizwe kiukoo. Basi ulinzi wa mtoto yule ukawa kitu kimoja tu: shule kuwa wazi, na yeye kuwa kwenye foleni.

Ndipo mwalimu wa hisabati akaugua. Alianguka akiwa na chaki mkononi mbele ya darasa la tano, akachukuliwa, na habari zikaja kwamba anapumulia mashine. Wazazi tukaitwa mkutanoni, tupige kura kama shule ifungwe au la.

Ukumbini viti vilikuwa vimewekwa mbali mbali, kila kimoja ndani ya duara la chokaa, na mlangoni kulikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani, alisema tutaongea kwa zamu. Zamu hizo hazikudumu.

"Mwenyekiti, wewe unataka shule ibaki wazi uendelee kuuza barakoa!" mwenye duka mmoja akapaza sauti.

"Na wewe unataka ifungwe mwanao akuchungie duka ulale!"

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na meno. Baba mmoja alimwambia mwenzake aliyekohoa akakohoe kwake. Mwenzake akamjibu kwamba kikohozi ni cha vumbi, na akitaka vumbi zaidi atamlambisha.

Kontena akasimama, tukanyamaza. Alivua kofia. Alisema mzazi anaweza kununua kila kitu isipokuwa mtoto wa pili mwenye uso ule ule. Alisema yeye ana mmoja tu, na kila asubuhi akimpeleka getini anahisi amempeleka vitani. "Masomo yatafidiwa. Maiti haifidiwi. Watoto wakae nyumbani, chini ya mikono ya baba zao na mama zao." Akina mama walifuta macho. Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka juu ya kenchi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, maharage ameyaacha motoni.

"Mwenyekiti, naomba."

"Mpishi si mjumbe," mtu akasema.

"Ni shangazi wa mtoto. Nitasema." Akashusha barakoa. "Sisemi shule ni salama. Darasa la tano wanapumuliana visogoni, na mimi nina presha, mwalimu alipoanguka sikulala. Lakini mnaposema nyumbani ni salama, semeni nyumbani kwa nani. Mkono wa Kijiti ulivunjika shule ikiwa imefungwa. Haukuvunjwa na ugonjwa."

"Dada, kaa chini," Kontena akasema polepole.

"Aliyeuvunja mmetoka kumpigia makofi."

Kontena alivuka maduara ya chokaa kwa hatua ndefu, akampiga. Mlio wake ulikuwa kama gogo likidondoka juu ya sakafu. Hapo ndipo jino lilipotoka, na hapo ndipo Shangazi alipoendelea, damu ikimtiririka kidevuni: "Na mgongoni ana alama za mkanda. Mkifunga shule mnamfungia humo humo."

Mwenye duka alipiga kelele kwamba mwanamke huyu amemvua nguo mdogo wake hadharani. Mama mmoja muuza mkaa akamjibu kwa kumtandika kiti cha mgongo. Kuanzia hapo hapakuwa tena na mkutano. Mimi niliona mambo ambayo sikuyategemea kwa watu ninaowajua. Niliona majirani wawili wa ukuta mmoja wamekabana makoo, barakoa zikiwa shingoni, kila mmoja akimpumulia mwenzake machoni. Niliona mwalimu wa zamu akivutwa kwa tai hadi akapiga magoti. Mwenyekiti alipanda juu ya meza kutuliza watu, mguu wa meza ukavunjwa, akaangukia ukingo wa dirisha na kupasuka kichwa. Ndoo ya kunawia ilipinduliwa, na watu wakawa wanateleza na kukanyagana katika maji ya sabuni yenye damu. Tulikuwa tumekuja kuwaepusha watoto na pumzi zetu.

Kontena hakubaki kupigana. Alikwenda moja kwa moja darasa la tano, alikosoma Kijiti.

Kijiti alimwona kupitia mlango. Madirisha yalikuwa wazi kutwa kwa amri ya mwalimu mkuu ili hewa ipite. Mtoto alipita hapo hapo, akaangukia nje kwa magoti, akakimbilia jikoni. Shangazi naye alishatoka ukumbini, akashika njia ya nyuma. Walifika karibu pamoja. Alimsukumia mtoto nyuma ya magunia ya unga na kuukingia mlango kwa bega.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Kwa teke la pili uliingia ndani pamoja na bawaba zake na kumwangusha.

"Kijiti, twende nyumbani," Kontena akasema. Alikuwa anafungua mkanda.

"Baba, nisamehe. Baba, sikusema mimi."

Alimnyakua kwa mkono ule uliopinda. Mtoto alipiga ukelele ambao ulisikika hadi kwetu ukumbini, na wengi wetu tuliachiana mashati kwa sababu ya ukelele huo. Shangazi alisimama, akatwaa mwiko mkubwa wa kusongea, akamshushia mdogo wake mgongoni kwa nguvu zake zote. Mwiko ulikatika vipande viwili.

Kontena akageuka, akacheka. "Wa nne huo, dada."

Alimsukuma kwa mkono mmoja. Shangazi alikwenda kinyumenyume hadi kwenye rundo la kuni, mbavu zikalia. Mkanda ukapanda na kushuka, ukamkuta Kijiti shingoni; ukapanda tena. Sufuria la maharage lilikuwa pale kando ya Shangazi, linatokota. Alichukua upawa mrefu wa kuchotea, akauzamisha, akaumimina wote juu ya mkono ulioshika mkanda.

Sisi tuliofika mlangoni tuliona ngozi inavyovuka kama soksi. Jitu lile lilipiga magoti. Lilikuwa linaita, "Dada! Dada! Dada!"

Naye Shangazi, huku anashikilia ubavu, alimburura hadi kwenye ndoo ya kunawia ya watoto iliyokuwa nje ya jiko, akafungua bomba, akauweka mkono ule chini ya maji. "Tulia. Usiutoe. Tulia, mdogo wangu." Alimshika hivyo hadi ndoo ikakauka. Kijiti alikuwa amesimama pembeni, shingo imevimba, anatazama.

Kontena alipelekwa zahanati kwa pikipiki. Kuhusu shule, kura haikupigwa. Mwalimu mkuu alitutazama tulivyochanika na kulowana, akasema, "Leo mmepumuliana nyote, na jioni mtawapumulia watoto wenu. Kesho nani aje?" Akaifunga kwa majuma mawili, akaingia ofisini.

Usiku ulipokaribia, mwenyekiti alifika kwa Shangazi, kichwa kimefungwa bandeji, akiwa na wazee wawili wa mtaa. Kijiti alikuwa amelala kwenye kitanda cha shangazi yake kwa tumbo. Mwenyekiti alianza mbali, akasifia maharage ya shule, mwishowe akafika.

"Damu nzito, Shangazi. Kontena anasema yuko tayari kusamehe. Mrudishe mtoto kwa baba yake, maneno ya mkono na mkanda yaishie hapa, naye hatakwenda kushtaki."

"Kushtaki nini?"

"Umemmwagia mtu maji ya moto. Mkono ule huenda usishike tena usukani. Hiyo ni jela, dada yangu. Ukienda jela, mtoto atakaa na nani? Atarudi kule kule."

Kusema kulimuuma Shangazi mdomo na kupumua kulimuuma ubavu. Aliuliza kama mkono wa Kontena umefungwa vizuri. Akaambiwa ndiyo.

"Na wifi yangu anasemaje?"

"Wifi yako hakusema kitu."

"Basi mwambieni aje alale hapa na mwanawe. Nafasi ipo."

"Na letu?"

"Lenu nimelisikia."

Wakaondoka wakidhani amekubali. Usiku mwingi wifi alikuja, na mfuko wa nailoni wenye nguo chache za mtoto, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, Shangazi alimwamsha Kijiti, akamkanda shingo kwa maji ya vuguvugu, akampa wifi yake kanga safi. Wote watatu walikwenda kwa miguu hadi kituo cha polisi. Walinawa mikono mlangoni kama tangazo lilivyotaka. Askari wa zamu alikuwa amekaa mbali nyuma ya meza.

"Mlalamikaji nani?"

"Mimi. Andika mawili," Shangazi akasema. "La kwanza, mdogo wangu amempiga huyu mtoto mpaka akamvunja mkono, na mama yake yuko hapa, atasema. La pili, mimi nimemchoma mdogo wangu kwa maharage ya moto. Yote mawili ni kweli."

Mdomo wake ulikuwa umevimba nyuma ya kitambaa. Askari akainua kichwa.

"Sikusikii, mama. Shusha barakoa useme tena."

Akaishusha, akasema tena.