Ruhusa ya Mgidi Shozi

Kila jioni baba yangu, Lambeti Shozi, alitusalisha rozari sisi watoto wake, na baada ya "Amina" ya mwisho hakuna aliyethubutu kuinuka. Yeye alibaki amepiga magoti, kichwa amekilaza upande kidogo, kama mtu aliyesikia mgeni akipiga hodi mbali. Maharage yalikuwa yanapoa. Kaka yangu alikuwa akinifinya ili nicheke nichapwe. Kisha baba alisema, "Haya, kuleni," nasi tukala. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama wa watoto wangu siku nilipomwuliza alikuwa akisikiliza nini, naye akanihadithia haya ninayoyaandika.

Mwaka uliofuata vita vya kodi ya kichwa, babu yangu Mbango aliwapeleka wanawe wawili shule ya bweni ya Mtakatifu Gangolfu, ng'ambo ya mto Mzimkhulu. Alikuwa ameona mikuki haikusaidia kitu, akasema labda kalamu. Mkubwa ndiye baba yangu. Mdogo aliitwa Mgidi. Walipobatizwa wakapewa majina ya watakatifu wa huko Ujerumani walikotoka mapadre, mkubwa Lambeti, mdogo Kiliani, lakini hilo la Kiliani hakuna aliyelitumia isipokuwa Padre Ansgari, mkuu wa shule.

Maisha yote pale yalikwenda kwa kengele. Asubuhi misa, kisha uji wa mahindi, kisha vibao na katekisimu mpaka jua la utosini. Mchana wavulana wakubwa walikwenda karakana na wadogo walikwenda shimo la matofali kukanyaga udongo kwa miguu. Mabruda walikuwa watawa wa kunyamaza, wakizungumza kwa vidole, na haikupita wiki wavulana nao wakajua vidole vya mkate, vya ng'ombe, vya kiatu. Wakatunga na vya kwao. Bruda Odilo, mwalimu wa kuimba, alikuwa na pua nyekundu kama pilipili, basi ishara yake ilikuwa kujishika pua na kutetemeka kama mtu aliyeungua. Bruda mwenyewe aliijua. Alipomwona mvulana anajishika pua hata kwa mafua, alimwendea na fimbo.

Mgidi hakuwa mtundu. Alikuwa mtiifu mno, mpaka wenzake wakachoka naye. Pale hapakuwa na mtu wa kutoka mahali bila kupewa ruhusa, na lango hasa lilikuwa la Padre Ansgari mwenyewe: usiposikia kinywani mwake "una ruhusa," huvuki. Wengine waliruka ua kwenda kuiba viazi vitamu. Mgidi, siku moja darasani, aliinua mkono kuomba kwenda kujisaidia, Bruda hakumwona, naye akakaa na mkono wake juu mpaka akajikojolea. Hakuushusha.

Jambo lingine ni sala. Wavulana walizoea kuikimbiza rozari, mradi iishe. Mgidi aliitamka yake neno kwa neno, kwa hiyo wote walipokuwa wamenyamaza, "Amina" yake ilikuja peke yake nyuma, kama ndama aliyeachwa na kundi.

"Shozi mdogo," alimwambia Pankrasi Ngidi, aliyekuwa mcheshi wa bweni, "sisi tumeshafika mbinguni, wewe bado uko kwenye saa ya kufa kwetu."

"Nyinyi mnakimbilia uji," alijibu Mgidi. "Bikira Maria hana haraka."

"Hana haraka kwa kuwa yeye ameshakula."

Mwezi wa Julai ukaja na baridi yake. Asubuhi walivunja barafu kwenye hori ndipo wanawe uso. Mgidi akaanza kukohoa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke shimoni, aliendelea kuukanyaga udongo mpaka siku alipoanguka humo. Wakambeba chumba cha wagonjwa, kitanda cha ukutani, chini ya picha ya malaika mlinzi. Baba yangu akaruhusiwa kukaa naye.

"Kaka," alisema Mgidi, "niombee ruhusa niende nyumbani kwa mama."

Baba alikwenda kwa Padre Ansgari, akarudi. "Padre anasema atakuruhusu ukipona."

Mgidi akajivuta chini ya blanketi lake la kijivu. "Basi nitasubiri."

Alikata roho kengele ya mchana ikilia. Nyumbani kulikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa hiyo kesho yake walimzika pale misheni, kwa misa na nyimbo, na habari ilimfikia babu Mbango baadaye.

Kwetu mtu akifia ugenini haachwi huko. Mwenye mtoto hukata tawi la mkunazi, huenda nalo mpaka mahali pale pale pumzi ilipomtoka, akamwita kwa jina na kumwambia, twende nyumbani. Tawi lile likichukuliwa, yeye ndiye anayechukuliwa. Anayelibeba hasemi na mtu yeyote njiani isipokuwa na huyo aliyembeba, mpaka amlaze nyumbani kwao.

Babu Mbango alifika langoni na tawi lake, amevaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Padre Ansgari akatoka kumlaki.

"Mzee Shozi, pole sana. Tumemzika kwa heshima zote. Roho yake iko kwa Mungu."

"Nashukuru, Padre. Sikuja kugombana na Mungu. Nionyeshe tu alipokatia roho."

Padre aliliona tawi. Aliishi kwetu miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. "Makaburini kila mtu anaingia, siwezi kumzuia baba wa mtoto. Lakini ndani ya nyumba ya shule, kwa jambo hilo, hapana."

Babu akaenda makaburini. Baba yangu alimfuata akamnong'oneza, "Baba, hapa siyo. Alifia kitandani, mle ndani."

"Najua, mwanangu. Lakini mlango una mwenyewe."

Akamwita Mgidi juu ya kaburi, akalichukua tawi, akaondoka nalo bila kusema na mtu.

Jioni ile ile kanisani, rozari ilipokwisha, wavulana wote wakasema "Amina" na kunyamaza. Kisha nyuma yao, upande wa kushoto karibu na nguzo, ikaja nyingine. Ilikuwa ya taratibu, ya mtu mmoja.

Bruda Odilo alidhani ni mzaha. Akawachapa mstari mzima wa kushoto. Kesho yake akawahamisha kulia, upande wa kushoto ukabaki mtupu, na "Amina" ikaja kutoka huko kwenye utupu. Akawasimamisha mmoja mmoja waseme peke yao, na kila mmoja aliitamka haraka, mwenye hofu hakawii. Baada ya hapo Bruda hakumchapa mtu tena. Kila sala ilipokwisha alikikanyaga kinanda kwa nguvu ili pasisikike kitu.

Pankrasi alimfuata baba yangu karakana, na safari hii hakucheka. "Lambeti, mwambie ndugu yako asali haraka kidogo. Viboko tumekula sisi."

"Nimwambie vipi?"

"Sijui. Wewe ndiye Shozi."

Baba yangu aliniambia kwamba hakuogopa. Alikuwa akipiga magoti karibu na nguzo ile kwa makusudi. Kilichomuumiza ni kwamba sauti ilikuwa na mafua bado.

Wakati wa kulima babu Mbango akarudi shuleni. Alikuwa amekonda, na mkononi ana tawi jingine la mkunazi. Yeye na baba yangu walikaa nje ya lango, juu ya jiwe.

"Mama yako halali," alisema. "Mtoto hakufika. Anamjia usingizini, amesimama kwenye mstari na blanketi lake la kijivu. Mama yako anamwambia njoo ndani, baridi. Yeye anamjibu, bado sijaruhusiwa."

Yale maneno ya kitandani baba yangu hakuwa amemsimulia mtu yeyote, wala baba yake. Siku hiyo hiyo akaenda kugonga ofisi ya Padre Ansgari, akaeleza yote na kuomba waingie na tawi chumba cha wagonjwa, akiwa amesimama, mikono nyuma, kama walivyofundishwa.

Padre alikuwa akiifuta miwani yake. Aliendelea kuifuta muda mrefu.

"Juzi nilisali kanisani peke yangu," alisema. "Mchana, milango imefungwa." Akavaa miwani. "Ndugu yako hakutoka mahali popote bila kuruhusiwa. Hilo nalijua."

"Ndiyo, Padre."

"Sasa nisikilize vizuri. Jina lako linakwenda kwa Askofu, kwa darasa la ualimu. Wewe na mwingine mmoja tu. Ukilibeba lile tawi, siwezi kulipeleka jina lako. Mwalimu wa dini hawezi kuwa mtu wa mambo hayo. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Naelewa, Padre."

"Baba yako hawezi kulibeba?"

"Alilibeba, Padre. Ndugu yangu hakumfuata. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri, basi mimi ndiye wa kumwambia twende."

Baba aliniambia hapo ndipo alipoona kwamba Padre alikuwa akimwomba akatae kulibeba tawi, amwokoe yeye Padre na uamuzi ule. Baba hakukataa, na Padre akaruhusu waingie. Hivyo ndivyo baba yangu alivyokosa kuwa mwalimu. Muhula uliofuata alipokelewa tena lakini akapelekwa karakana ya viatu, na viatu vya watu wengine ndivyo vilivyotulisha na kutusomesha madarasa machache tuliyosoma. Mimi sijui Kanisa lingesema nini leo. Namwachia Mungu, ambaye naamini aliuona moyo wa kila mmoja wao.

Wakaingia chumba cha wagonjwa, babu na baba yangu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Babu akalilaza tawi juu yake, akamwita mwanawe kwa sifa zote za ukoo wa Shozi, majina ya mababu mmoja baada ya mwingine. Akamaliza. Akatia mkono chini ya tawi, akaliinua kidogo, akalirudisha.

"Hajaingia," alisema. "Ni tawi tupu."

Akamwita tena. Yakawa yale yale. Baba yangu naye akamwita, "Mgidi, inuka, twende," na chumbani pakabaki harufu ya kafuri tu.

Padre Ansgari alikuwa mlangoni. Alikuwa amesema hataingia, na hakuingia. Aliwapa mgongo, akitazama ua, mikono ndani ya kanzu. Kisha, kwa sauti ile ile aliyoitumia kila mwisho wa muhula, alisema:

"Kiliani Mgidi Shozi. Una ruhusa ya kwenda nyumbani."

Baba yangu akainama kulichukua tawi. Hakuniambia lilikuwa zito. Aliniambia tu kwamba alitumia mikono miwili.

Wakatoka, babu mbele wa kujibu watu, baba nyuma na tawi kifuani. Wavulana walikuwa wamejipanga hadi langoni bila kuamriwa, na Pankrasi alivua kofia. Njiani baba alisema na mmoja tu. "Mgidi, hapa kuna mteremko." "Mgidi, mbwa hawa hawaumi." Mtoni maji yalikuwa ya magoti na ya baridi, na Mgidi tangu utoto aliogopa maji. Baba akamwambia, "Shika shati langu," akavuka polepole, na alipofika ng'ambo hakugeuka kutazama.

Karibu na duka la Mzungu wakakutana na askari wa farasi, mtu wetu, kijana mwenye majivuno.

"Vyeti," alisema. Babu akampa chake. "Na huyu?"

"Huyu hasemi. Niulize mimi."

"Bubu?"

"Si bubu. Amebeba mtu."

"Mtu gani, mzee? Mimi naona kuni."

"Mwanangu mdogo. Alifia shuleni."

Askari aliliangalia tawi, akaangalia uso wa baba yangu. Akashuka, akamvuta farasi kando ya njia mpaka kwenye nyasi. "Nisamehe, Baba," alisema. "Nisamehe na wewe, mdogo wangu. Piteni." Walipokuwa mbali, babu aligeuka akamwona bado amesimama chini, hajapanda.

Walilala kwa watu wasiowajua, na mama wa nyumba, alipoliona tawi, alitandika mikeka mitatu bila kuuliza.

Jioni ya pili wakaiona nyumba. Bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni tangu mchana. Hakupiga kelele, hakusalimu. Alinyoosha mikono, baba yangu akamwekea tawi, naye akaingia nalo taratibu, ameinama, mpaka nyuma kabisa ya nyumba, mahali pa wazee waliotangulia, akalilaza chini na kulifunika kwa blanketi lake mwenyewe. Alikaa kando yake kwa muda. Kisha akamwambia baba yangu, "Sasa unaweza kusema."

Baba akaketi kando yake.

"Alitembea vizuri?" aliuliza bibi.

Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Mtoni je?"

"Alishika shati," alisema baba.

"Na miguu yake?"

Baba akamfikiria Mgidi shimoni, udongo ukimfikia magotini kwenye ile baridi. "Imepasuka, Mama," alisema. "Imepasuka sana."

Bibi akainuka, akachochea moto. Maji yalipopata uvuguvugu aliyamimina kwenye bakuli, akachukua na mafuta ya ng'ombe kidogo kwenye jani, akarudi navyo kule nyuma gizani.