Vitanda Vitatu Bologna

Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, ile ya njia ya kupanda kutoka stesheni ya Kigoma, ni yangu. Sikuirithi. Baba yangu alikuwa fundi viatu na hakuacha hata cherehani. Diploma yangu ya uendeshaji wa hoteli imetundikwa mapokezi ndani ya fremu, na chini yake ipo ya pili, niliyoipata Stockholm nikisoma kwa Kiswidi baada ya kazi, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye mbili. Ninayasema haya bila haya kwa sababu nimeyalipia kwa uchovu, na uchovu wa aina hiyo wanaorudi kutoka Ulaya hawausimulii. Wanasimulia theluji.

Nilifanya kazi miaka kumi na mitano katika hoteli kubwa karibu na stesheni kuu ya Stockholm. Nilianza na toroli la mashuka, nikafika kuwa msimamizi wa ghorofa tatu. Lakini msimamizi wa kule hakai kitini. Mmoja akiugua, unavaa glavu na kuchukua vyumba vyake juu ya vyako. Mke wangu alikuwa akiwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwavisha zile soksi za kubana ambazo zinakula vidole vya anayezivisha. Tuliishi Bredäng, ghorofa ya saba. Yapo majuma tuliyokutana mlangoni tu, mmoja anavua koti na mwingine analivaa lake.

Februari moja nilirudi kutoka zamu, nikakaa kiti cha jikoni bila kuvua viatu, nikamwambia mke wangu kwamba mwaka huu tutakwenda hotelini.

"Si ndiko umetoka?" akasema.

Nikamwambia tutakwenda kama wageni. Tutalala katika kitanda ambacho hatukukitandika, asubuhi tutakiacha vilevile kilivyo, na tutatoka.

Mji haukuhitaji kujadiliwa. Dada yake alikuwa Bologna, Italia. Alimzidi mke wangu kwa miaka tisa, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki Uvira, ng'ambo ya ziwa. Vita ikawaleta wote wawili kambini huku kwetu Kigoma. Hapo mke wangu akapata nafasi ya kuhamishiwa Sweden, na dada akachukuliwa na masista waliompeleka Italia. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na minane. Tukimwalika Stockholm, husema mwakani. Mke wangu akisema basi aende yeye, linazuka jambo: nyumba inapakwa rangi, au paa linavuja, au ana mafua. Mke wangu hakuwahi kumbana. Nililiona hilo, sikuliuliza.

Nikaanza kutafuta hoteli. Hapa lazima nijisifu, maana ni kazi niliyoisomea. Mtu wa kawaida hutazama picha ya kitanda akaona kitanda. Mimi huona godoro lililobonyea katikati, foronya iliyovalishwa mto mkubwa kuliko saizi yake, ukungu kwenye pembe za bafu, pazia lililokosa kulabu mbili. Nilikataa hoteli kumi na moja nikiwa ndani ya treni ya mstari mwekundu tu, kati ya Bredäng na mjini. Ya kumi na mbili ilikuwa ndogo, vyumba tisa, katika mtaa wenye zile baraza ndefu za matao za Bologna, na kona za shuka zilikuwa zimekunjwa na mtu anayejua. Nikaweka nafasi ya siku tatu mwezi wa Mei, chumba cha watu wawili. Mke wangu akakubali, ila akanipa sharti moja: nisimwambie dada. Yeye mwenyewe angemwambia, kwa wakati wake.

Dada alikuwa akipiga simu Jumapili mchana na Alhamisi mchana, daima akiwa nje, na nyuma yake mabasi. Jumapili iliyofuata mke wangu alikuwa bafuni simu yake ilipolia. Nikapokea. Tukasalimiana, akaniuliza habari za mgongo, kazi, baridi. Mimi nikafurahi, na furaha yangu ina mdomo. Nikamwambia tunakuja. Nikamweleza hoteli, matao, kona za shuka, mpaka kifungua kinywa.

Basi moja likapita huko kwake, na jingine.

"Shemeji," akasema, "hoteli ni ya watu wenye hawana mutu. Nyinyi muko na mutu. Kama ni hoteli, musikuje."

Akakata. Mke wangu alitoka bafuni akaniona nimeshika simu, na sikuhitaji kumweleza. Alisema jambo moja tu, kwamba aliniomba kitu kidogo sana. Halafu akaenda kuanika nguo zake za kazi.

Alhamisi simu haikulia. Jumapili nayo haikulia. Mke wangu alipiga mara tatu, haikupokewa. Katika miaka yote ile dada hakuwahi kuruka siku. Mke wangu akawa anarudi kutoka kwa wazee wake, analala juu ya kochi akiwa bado na koti, na nikimuuliza kama amekula anasema amekula. Aliyemlea alikuwa amemfungia mlango kwa sababu ya mdomo wangu.

Kazini, chini kwenye chumba cha mashuka, nilikuwa nikikunja na mama mmoja Mganda, mkubwa kwangu, aliyekuwa akiniita Bwana Diploma tangu siku nilipoipata. Nikamsimulia. Nilitarajia aseme shemeji amekosea, kwa kuwa siku hizi watu wanalala hotelini na hakuna neno.

"Ssebo, bwana wangu," akasema bila kuinua macho, "wewe umesoma hoteli, hukusoma watu. Mimi dada yangu akija Stockholm alale hoteli, kanisani nitapita wapi?"

Nikamwambia lakini nyumba ya mtu huenda ni ndogo, huenda hana nafasi.

"Atakulaza jikoni. Atakulaza juu yake. Lakini utalala kwake." Akavuta ncha zake za shuka. "Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na pengine mwenyewe hataki uijue. Shika vizuri huko, inaburuzika."

Jumanne nilikuwa na mapumziko ya mchana. Nikampigia shemeji mwenyewe, kwa namba yangu, niombe radhi kiume. Haikuwa siku yake ya kupiga. Akapokea kwa mnong'ono. Safari hii hapakuwa na mabasi. Palikuwa na saa ya ukutani, na televisheni iliyofunguliwa kwa sauti kubwa kama wafanyavyo watu wasiosikia vizuri. Sijamaliza kusema samahani, sauti ya bibi mzee ikaita kutoka chumba kingine, kali na yenye kulalamika. Shemeji akaijibu kwa Kitaliano.

Sijui Kitaliano. Lakini sauti ile ninaijua, nimeitumia miaka kumi na mitano. Ni nyepesi, iko juu kidogo ya sauti yako ya kweli, na imetabasamu kabla ya uso. Mtu hamjibu hivyo mgeni wake wala mama mkwe wake. Anayejibiwa hivyo ni mwenye nyumba aliyekuajiri. Shemeji akaniambia haraka kwamba ana mgeni, atanipigia, akakata.

Nikakaa pale kwenye benchi la wafanyakazi. Nikafungua zile picha alizotutumia miaka yote, za sebule yenye kabati la vioo na vitambaa vya kufuma, ambazo ndugu wa Uvira walizisambaza wakisema dada amefika. Katika zote amekaa ukingoni mwa kochi, mgongo haugusi. Jumapili na Alhamisi mchana zilikuwa saa zake za kutoka. Hakuwa na nyumba. Alikuwa na chumba katika nyumba ya kazi, labda na kitanda pembeni mwa kitanda cha bibi.

Nilifika nyumbani nikiwa na hamu ya kusema, nisiufiche ukweli, kama mtu aliyegundua jambo. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza yote, na sauti, na picha. Hakuacha kumenya.

"Ninajua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu wa yeye kuwa huko. Mimi siijui hiyo sauti? Unadhani mimi nikiwa kwa wazee wangu natumia sauti gani?" Akaosha kiazi, akakitazama, akakiosha tena. "Hakuniambia, kwa hiyo sikujua. Ndiyo maana nilitaka nimwambie hoteli polepole. Ningesema tumepewa bure kazini kwako, tusipokwenda inapotea. Angekasirika kidogo, angekubali. Wewe umemwambia kona za shuka."

Nilikuwa na diploma mbili, nikachukua kisu cha pili nikamenya viazi.

Tulikaa siku mbili tukilifikiri, kila mmoja katika treni yake. Kumwambia tunajua lilikuwa jambo lisilowezekana. Kumwambia tutafikia kwake kulikuwa ni kumwua. Kufuta safari kulikuwa na maana mke wangu angoje miaka mingine, na dada yake alikuwa anakaribia sitini. Lililobaki lilikuwa gumu kwangu peke yangu, nalo nililijua tangu Jumanne ile jioni. Nilichelewa kulikubali. Nimezoea watu kunijua kama mtu asiyeomba.

Alhamisi nilijaribu kwa namba yangu, saa yake ya kutoka. Akapokea. Mabasi yalikuwepo. Mke wangu alikaa mbele yangu mezani, mikono chini ya mapaja.

Nikamwambia shemeji kwamba hoteli ilikuwa tatizo langu, na kwamba nilimwambia kwa majivuno kwa kuwa niliona aibu kusema kweli. Kwamba mgongo wangu umeharibika kwa kuinama, silali tena kama watu, naamka mara nne nikitembeatembea na kugumia, na sitaki ndugu wa mke wangu anione hivyo ndani ya nyumba yake. Yote yalikuwa kweli. Mgongo aliujua, lakini hayo ya usiku sikuwa nimemwambia mtu yeyote nje ya nyumba yetu, na daktari nilimwambia nusu.

"Basi nakuomba wewe, shemeji. Utupokee hotelini. Chumba kiandikwe jina lako, kiwe cha vitanda vitatu, ukae nasi. Tukifika tukute wewe ndiye mwenye funguo. Sisi tutakuwa wageni wako."

Mke wangu aliinamisha kichwa mpaka nikaona njia ya nywele zake, nyeupe katikati, kwa mvi ambazo sikuwa nimeziona zikiota.

"Hiyo hoteli iko na lifti?" akauliza dada.

Nikasema sijui. Kweli sikuangalia.

"Mutu wa mgongo anachagua hoteli haangalie lifti." Akacheka puani. "Nipe anwani. Nitaenda mimi. Mugeni hachague chumba."

Nikampa anwani. Juma zima sikujua kama ameipokea kwa hasira au kwa wema. Nilikwenda kazini, nikarudi, barabarani barafu inayeyuka na kuganda upya. Mke wangu alianza kula mezani tena, kidogo.

Alhamisi iliyofuata alipiga yeye. Alikuwa ameifikia hoteli yangu, ile niliyoichagua kwa macho ya kitaalamu kati ya kumi na mbili, na hakuridhika nayo. Ngazi ni za kuzunguka na nyembamba. Chumba cha watatu kiko juu ya jiko, kinanuka vitunguu. Mwanamke wa mapokezi alimjibu bila kumtazama. Kwa hiyo alikuwa ametoka, akatembea mitaa miwili, akapata nyingine ya vyumba sita, inayoendeshwa na mjane, akapanda mwenyewe, akakandamiza magodoro yote matatu kwa kiganja na kufungua bomba la maji ya moto akangoja mpaka yatoke. Akasema niifute ile yangu.

Nilijaribu kutetea. Nikasema kuhusu kona za shuka.

"Shemeji, kona utazilalia?"

Mke wangu akaninyang'anya simu yake, akaiweka kwenye spika, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nikamsikia akicheka na dada yake, kicheko cha Uvira kinachoanza kabla ya mzaha kwisha. Wakapanga chakula. Dada akasema tusile kwenye ndege, tusinunue chochote uwanjani, tusije na maji. Angengoja mlangoni kuanzia saa nne asubuhi hata kama tunafika saa nane. Kisha akasema, na sauti yake ikashuka mpaka mahali ambapo nadhani ndipo penyewe inapokaa:

"Nimeomba ruhusa ya siku tatu kwa mama wa hapa. Na usiku. Kwa miaka yote sijaomba hata usiku moja. Amekubali."

Mke wangu hakuuliza mama yupi. Hakusema pole. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa mkono, akauliza vitanda vimepangwaje.

"Viwili kwa ukuta, kimoja kwa dirisha. Wewe utalala kwa dirisha."

"Na wewe, dada?"

"Mimi kwa ukuta, karibu na mulango. Mwenye nyumba analala karibu na mulango."

"Ndiyo, dada," akasema mke wangu.

Nikafungua simu yangu, nikaifuta ile nafasi niliyokuwa nimeiweka kwa jina langu.