Sisimizi wa Shangazi Minza

Nilipokuwa mtoto, mwaka uleule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Zagayu, niliamini kabisa kwamba shangazi yangu Minza anakaribia kuwa mfumu, yaani mganga anayesema na mizimu. Furaha ilinijaa.

Dalili alizisoma bibi. Kila shangazi alipokwenda haja ndogo nyuma ya bafu letu la mabua, sisimizi walijaa pale hadi udongo ukaonekana unatembea. Kule tulikotoka nyumba zilikuwa zimeachana mbali, asingejua mtu. Sasa tulijengewa kwa mistari, na majirani walichungulia.

"Wametumwa," bibi alisema. "Mizimu inamwita. Ataumwa kichwa, kisha jicho moja litaingia giza."

Nikatangaza habari hizo shule nzima.

Msimu wa kuchuma pamba, yakatokea kama alivyosema. Shangazi, aliyekuwa amekonda huku akimaliza mtungi wa maji peke yake, aliamka na kichwa kikimpasuka. Kesho yake shavu likavimba, keshokutwa jicho la kushoto likajifumba. Nilipomnywesha maji niliona kwenye kaakaa lake doa jeusi kama mkaa. Bibi akaagiza atafutwe mbuzi mweupe wa tambiko, na mgonjwa asitoke uani kabla halijafanyika.

Baba hakubishana na mama yake. Alikwenda kimya kumleta mganga wa zahanati, kijana mgeni tuliyemwita daktari.

"Mwangaluka, mayu," daktari alimwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama, akainama. Akamtazama shangazi kinywani muda mrefu. Mimi, niliyepaswa kunyamaza kuliko wote, nikamuuliza, "Sisimizi wake umewaona?"

"Sisimizi gani?"

Nikamvuta mkono hadi nyuma ya bafu. Alichuchumaa, akatazama, akarudi kuomba mkojo wa shangazi kwenye kikopo, kisha akatoka nao mbio kuelekea zahanati. Nami nyuma yake.

Alitia matone machache kwenye dawa ya bluu, ndani ya kichupa chembamba cha kioo, akakipasha moto kwenye taa ya spiriti. Bluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano ikawa nyekundu ya tofali. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile.

"Ni sukari," alisema. "Imemjaa mwilini. Na kile cheusi kinapanda kichwani. Lori la pamba liko wapi?"

Lilikuwa linapakia, linakwenda Mwanza. Tulikimbia tena hadi nyumbani. Baba akamtazama bibi, na bibi akamtazama daktari.

"Akibaki hapa, ataiona Jumapili?"

"Hapana, mayu."

Bibi akavua khanga yake ya juu, akamfunika nayo shangazi kichwa. "Mpandisheni," alisema. Kisha naye, kwa umri ule, akapanda juu ya marobota ya pamba.

Kule Mwanza waliambiwa ni fangasi, ukungu wa jamii ya ule unaoota kwenye chakula kilicholala. Kwa mwenye kisukari kisichotibiwa unaweza kuingia puani na kula nyama hadi kwenye jicho na ubongo. Wengi hawaponi. Walikata sehemu iliyokufa, wakaondoa jicho, wakampa insulini na dawa kali ya mshipani iliyomtetemesha mwili mzima. Alirudi baada ya miezi, na jicho moja, akicheka.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama siku ambayo kichupa kilimshinda bibi. Sasa nina wajukuu, na sisimulii hivyo tena. Bibi aligundua kabla yetu sote kwamba mwanawe si mzima, na dalili alizitaja sawasawa. Alichokosea ni maana yake. Siku ilipombidi kuchagua kati ya aliyoyaamini maisha yake yote na binti yake, alihitaji kuuliza swali moja tu. Mimi nimesoma kuliko yeye, na sijui kama ningeweza kugeuka upesi namna ile.