Uji wa Kuchacha Umefika Kwa Dari ya Ofisi

Wasee, leo nimemwagia bosi wangu uji. Kutoka miwani mpaka tai.

Ngojeni niwaelezee.

Wiki tatu sasa nimekuwa na hasira za bure. Lunch ni chips na soda, tumbo imefunga, usingizi hakuna, na kila mtu ananiudhi, hata mwenye amenisalimia tu.

Jana Mama Nekesa, jirani yangu hapa Kabiria, akaniangalia akasema, "Hiyo hasira yako inaanzia kwa tumbo. Kunywa uji ya wimbi yenye imechacha. Tumbo ikitulia, hata kichwa itatulia."

Akanipea chupa imejaa. Mimi mjanja nikakaza kifuniko ndio isimwagike kwa bag. Leo kufika ofisini tao, nikaiweka dirishani kwa jua mpaka saa saba.

Ninyi wa kuchachisha uji mshaanza kucheka.

Kufungua tu, gesi ya kuchacha ikalipuka, BUUM! Dari, kompyuta, na bosi, mwenye alikuwa anapita akienda mkutano.

Wewe ungeomba msamaha ama ungetoroka? Mimi nilikuwa nishashika bag.

Bosi akatoa miwani. Akalamba kidole.

"Hii ni wimbi? Aki imechacha vizuri. Kesho leta mbili."

Tulicheka mpaka nikatoa machozi. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka hivyo.

Jioni Mama Nekesa akaniuliza kwa gate, "Uji imekusaidia?"

"Sana, mama."

Sijaonja hata tone.