Matumbo ya Fahali Ndani ya Mashua

Habari za kifo chake nilizipata kwa kinyozi, mjini Kisii, na zilikuja pamoja na kicheko. "Yule mogaka, yule mzee wa boti, amekufa," kinyozi alisema, mashine ikiwa juu ya sikio langu. "Na hakufa maji. Ni presha tu, kitandani, kama sisi wengine." Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakacheka. Mmoja akauliza sasa ile boti itazikwa wapi, wakacheka tena. Nilikaa pale na kitambaa shingoni, siwezi kuinuka, nikaona kinyaa. Msomaji wangu, ninaandika kabla kinyaa hicho hakijaniisha, kwa sababu kikiisha nitaanza kuandika maneno matamu ya msibani, na hayo tulishayasikia kwa wingi siku ya mazishi.

Marehemu alikuwa akiuza mabomba na matangi ya maji hapa mjini. Mkewe ni muuguzi mstaafu. Nyumbani kwao ni Nyakoe, mlimani, ambako maji ya kuogopa ni yale ya mvua kwenye mtaro. Hawa wawili walinunua mashua ya faiba yenye injini, si ya kuvua wala ya kubeba abiria, bali ya kutembea tu. Siku ya Sabato walikuwa kanisani na Waadventista wenzao. Jumapili, ukoo ukiwa kwenye vikao vyake, wao walikuwa wameshaifunga mashua kwenye trela nyuma ya pikapu, wanateremka Homa Bay. Jioni waliipandisha tena mlimani, wakaiweka chini ya mabati kando ya migomba, kwa sababu katikati ya wiki walikuwa na kazi nayo. Haikupita muda bila kubadilishwa kitu. Injini ya kelele ilitoka, ikaja iliyo tulivu. Wakaongeza paa la turubai, kisha kabati la jiko dogo, kisha kitanda cha kukunja. Makosa nayo yalikuwepo. Viti vya kwanza walimpa fundi wa makochi, naye akavishona alivyozoea kushonea sebule za watu: sponji nene, mahameli, na juu yake vitambaa vya kufuma. Vitambaa viliruka na upepo vikaenda zao ziwani, na sponji ikanywa maji hadi mashua ikalalia upande mmoja. Siku nyingine waliiteremsha majini bila kuziba tundu la nyuma, lile linaloachwa wazi mashua ikiwa nchi kavu ili maji ya mvua yatoke. Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu, marehemu aliyachota kwa sufuria ya chai. Tangu hapo mkewe alikifunga kizibo pamoja na ufunguo wa pikapu, ili pasiwe na safari bila kizibo.

Mimi nilipanda mara moja tu. Nilishangaa kuona yule mama muuguzi ndiye ameshika usukani, na mzee, mtu mwenye duka lake na heshima zake, amekaa nyuma akikunja kamba na kumenya ndizi. Nikamwuliza mama nani alimfundisha. "Tulifundishwa wote wawili," alisema. "Lakini huyu anakimbiza sana. Mimi nilifanya kazi wodi ya wazazi, nimezoea kungoja." Mzee alicheka mpaka ndizi ikamponyoka. Nikamwuliza basi watamaliza lini kuitengeneza hii boti, maana kila nikisikia habari zao kuna kitu kimefunguliwa. Akaacha kucheka, akanitazama vizuri. "Tukimaliza, mwandishi, jioni tutaongea nini?" Mjini walimcheka kwa habari ya usukani kuliko kwa mashua yenyewe. Mwanamume Mkisii anaendeshwa na bibi yake juu ya maji! Hadithi hiyo ilizunguka madukani, kanisani na kwenye vikao vya ukoo, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi yake.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Boma lao liko kwenye mteremko, na mashua ilikuwa upande wa juu, nikapanda kuitazama. Laiti ningebaki chini. Watu wa mapishi walikuwa wameona chombo kikubwa kimekaa bure, wakaziba tundu kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kwenye nailoni, wakakijaza maji, na humo ndimo walimooshea matumbo ya fahali. Utando wa mafuta ulikuwa umepanda hadi kwenye viti. Vipande vya utumbo vilielea chini ya usukani, na kabati la jiko lilikuwa limepakwa samadi. "Mzee alituachia tangi," mpishi mmoja aliniambia, akijipangusa mikono. Nikamwambia hii ni mashua ya watu. "Yaya, si ya watu, mwandishi," alijibu. "Bono, sasa hivi, ni ya nani? Mwenyewe si yuko kwa sanduku?"

Nikateremka kuketi, na hotuba zikaanza. Kaka wa marehemu alishika kipaza sauti. "Ndugu yetu alikuwa mtu mzuri, lakini hiyo boti iliharibu akili yake. Ona nyumba tunamzikia mbele yake. Bono tumekaa kama ukoo, tumeonelea boti iuzwe, tujengee huyu mama nyumba ya maana." Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi kando ya jeneza, mbele ya macho yetu sote, na hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote.

Makofi yale yalinichefua kuliko matumbo. Nyumba iliyokuwa ikitukanwa ina vyumba vitatu, haivuji, na watu wawili wamezeeka ndani yake bila kuchokana. Kutoka Nyacheki hadi Ekerenyo nimezika watu waliosimamisha maghorofa katikati ya chai na migomba, vyumba ambamo hakuna aliyewahi kulala, huku wenyewe wakipanga chumba kimoja Nairobi na kurudi Desemba kufagia utando wa buibui. Tunajenga ili wageni waone tunazikwa mbele ya nini. Hiyo tunaiita heshima. Mume na mke wakibishana jioni juu ya skrubu ya injini, huo tunauita wazimu. Tunavumilia ulevi, tunavumilia mume asiyesema na mkewe mwaka mzima, lakini furaha ya watu wawili ambayo haikutuomba ruhusa inatuwasha mwili mzima. Inaudhi, na sioni aibu kusema hivyo kuhusu watu wangu.

Mama aliinuka. Wanawake wawili walidhani anaishiwa nguvu, wakamshika mikono, akajitoa taratibu. Akapanda hadi kwenye mashua, akainama nyuma yake, akang'oa lile gunzi. Maji yalitoka kwa kishindo, na mafuta yake na vipande vyake, yakateremka moja kwa moja hadi kwenye hema la wageni waheshimiwa. Watu wakainua viatu, wakainua mabegi, wengine wakapanda juu ya viti. "Msikimbie," mama alisema, bila kipaza sauti, na kila mtu alimsikia. "Ni maji yenu." Kisha akamgeukia kaka wa marehemu. "Shemeji, asante kwa nyumba, lakini ninayo. Na hii boti ni yangu. Mume wangu alikuwa abiria."

Shemeji mwenyewe ndiye aliyeisimulia ile hadithi ya usukani kila mahali, akiigiza hata sauti. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu waliocheka miaka yote kwamba mzee anaendeshwa na bibi yake, na sasa hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama na kusema kwamba mashua haikuwa ya mama.

Juzi nilipita Nyakoe. Nilimkuta akisugua viti kwa brashi na sabuni, kizibo kikining'inia kwenye ufunguo wa pikapu. Harufu bado ilikuwepo. Nikamwuliza atarudi lini ziwani. "Harufu ikiisha," alisema, kisha akaniuliza kama ninamjua fundi mzuri wa viti, asiwe wa makochi. Msomaji wangu, kama una mwenzako na kitu mnachokipenda, mpe akishike ungali hai, mchana, watu wakiona. Watamcheka, na wewe watakucheka zaidi. Waache wacheke kwa sauti, wasikike hadi Ekerenyo, kwa maana siku utakapolazwa kwenye sanduku, kicheko chao ndicho kitakachokuwa shahidi wa mwenzako.